Mtawa, Gitaa na Shemeji Yenu

Mwezi huu nawaletea kesi ya nyumbani kwangu, na mwenzenu nakiri mapema: nimeshindwa.

Shemeji yenu anapenda hevi metali. Si ile roki laini ya kusikiliza kwenye foleni ya Ubungo. Ni ile ya magitaa yanayonguruma na mtu anaimba kama anang'olewa jino bila ganzi. Tena anapiga mwenyewe. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi yuko kwa rafiki yake Tabata na washkaji watatu, wanagonga vyombo mpaka saa tano usiku. Mimi ni mwanakwaya, sauti ya kwanza. Basi nikamwambia kavu: huo muziki wa shetani, au mimi.

Hakubishana. Alinipa simu yake nitazame. Jukwaani kuna mzee wa ndevu nyeupe, kanzu ya kahawia, kamba kiunoni. Nikadhani ni mavazi ya maigizo. Kumbe mtawa kweli! Cesare Bonizzi, Mkapuchini wa Italia, shirika lilelile ambalo sisi Wakatoliki wa Dar tumezoea kanzu zake tangu Wakapuchini wa Uswisi walipofika miaka ya 1920. Bonizzi aliwahi kuwa mmisionari Ivory Coast. Baadaye akaenda kwenye onyesho la Metallica, akapagawa na nguvu ya muziki ule. Mwaka 2008, akiwa na miaka 62, akatoa albamu iitwayo Misteri, yaani Mafumbo, yeye ndiye mwimbaji wa mbele. Bendi ikaitwa Fratello Metallo, Ndugu Metali. Mwaka huohuo akapanda jukwaa la Gods of Metal kule Bologna, tamasha lililokuwa na Iron Maiden na Judas Priest. Aliimba mpaka habari za pombe, madawa ya kulevya na mapenzi, na akasema hakufuata kuwaongoa watu dini, alitaka wayashike maisha na kuyafurahia.

Nilinyamaza. Silaha yangu ya shetani ndiyo hiyo imenyang'anywa.

Lakini mwanamke hakati tamaa, bwana. Nikaendelea kusoma peke yangu, nikakuta kwamba mwaka 2009 Bonizzi alitangaza kuachana na jukwaa. Alisema shetani amemtenganisha na mameneja wake, na nusura amkosanishe na wenzake wa bendi na watawa wenzake, kwa kumpandisha mpaka akawa staa. Nikamkimbilia shemeji yenu nacheka. Si nilisema!

“Soma vizuri mama Junior,” akasema. “Shetani hakumwona kwenye gitaa. Alimwona kwenye kutenganishwa na ndugu zake.”

“Sawa. Mara ya mwisho kula na sisi siku ya Alhamisi ni lini?”

Hakukumbuka. Nikamwambia Junior ameshaacha hata kuuliza baba yuko wapi. Hapo uso ulimshuka, nikajua nimemshika. Akakaa kidogo, halafu akauliza taratibu: “Na wewe kwaya Jumatano, Ijumaa, na Jumapili mpaka saa tisa?”

“Kwaya ni ya Mungu!”

“Na yule alikuwa mtawa.”

Jamani. Nilitafuta jibu mpaka jikoni, sikulipata. Hilo ndilo lililoniuma, maana mwenzetu yule hakuacha kitu kibaya. Aliacha kitu alichokipenda, na alichokuwa anakifanya akiwa na kanzu ya utawa mwilini.

Tukakaa na kalenda. Yeye kabaki na Jumamosi tu, mimi nimemwomba mwalimu wa kwaya aniachie Ijumaa (hajafurahi, sauti ya kwanza tuko wachache). Ijumaa iliyopita tulikula chipsi kuku mezani, sote watatu, televisheni imezimwa. Junior akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama kuna mgeni anakuja.