Hedifoni ghali si kinga ya sikio

Mchagua nazi hupata koroma, walinena wahenga. Methali hii ilinijia akilini majuzi, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu hapa Eldoret aliponiomba ushauri. Alikuwa amejinyima kwa mihula miwili ili anunue hedifoni, yaani vile visikizi vinavyovaliwa kichwani, na alitaka zilizo bora kuliko zote. Mkononi alikuwa na orodha ya majina ya kigeni, kila jina na bei ya kumtoa mtu jasho. Nilimwuliza: bora kwa kazi gani? Akanyamaza.

Kunyamaza kwake si kwa mtu mmoja. Tangu shule na vyuo vilipofungwa mnamo Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, sehemu ya masomo yetu imehamia kwenye simu na tarakilishi. Mtaala wa umilisi nao umeipa stadi ya kusikiliza na kuzungumza nafasi ya heshima katika somo la Kiswahili. Kwa hivyo hedifoni si pambo la vijana tu. Imekuwa kifaa cha masomo. Yafaa basi tujifunze kuichagua kwa akili badala ya kuongozwa na fahari.

Tutazame tatu miongoni mwa zile zilizokuwa katika orodha yake. Ya kwanza ni Sennheiser HD 600, iliyoundwa na Wajerumani na kuanza kuuzwa mwaka 1997. Hii ni ya aina iliyo wazi: nyuma ya kila kikombe cha sikio pana wavu unaopitisha sauti. Wapenzi wa muziki huisifu kwa uasilia wake, kwani mwimbaji husikika kana kwamba amesimama mbele yako. Lakini katika chumba cha bweni chenye wanafunzi wanne, wenzako watausikia mhadhara wako, nawe utazisikia sufuria zao. Isitoshe, ukinzani wake ni ohm 300, na simu nyingi haziwezi kuiendesha ipasavyo.

Ya pili ni Beyerdynamic DT 770 PRO, nayo ya Ujerumani. Hii imefungwa nyuma, hivyo sauti haivuji sana na kelele za nje hupungua. Hutengenezwa kwa viwango mbalimbali vya ukinzani, na mwenye simu atafute kile cha chini. Mito yake ya masikio ikichakaa hutolewa ikatiwa mingine. Dosari yake ni joto masikioni na waya ambao, katika toleo lililozoeleka, hauchomoki.

Ya tatu ni Sony WH-1000XM5, iliyotoka mwaka 2022 kwa bei ya karibu dola 400 huko Marekani. Hii hupambana na kelele kwa umeme. Asili ya visikizi vya namna hii ni ya kuwavutia walimu: mwaka 1978, Amar Bose, profesa wa chuo cha MIT, alikerwa na mngurumo wa ndege aliyokuwa akisafiria, akaanza kupiga hesabu za kuufuta humo humo safarini. Maikrofoni hunasa kelele ya nje, kisha chombo hutoa wimbi la sauti lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili hubatilishana. Kwenye barabara ya Uganda, ambako malori ya kwenda Malaba hupita usiku na mchana, mngurumo wa injini utafifia kwa kiasi kikubwa. Honi na ukelele wa makanga havitafifia kiasi hicho. Hata hivyo, avukaye barabara akiwa amevaa chombo hiki anacheza na maisha yake, maana bodaboda haingoji. Tena chombo hiki hutegemea betri, na kila betri huzeeka.

Ni dhahiri, basi, kwamba hakuna iliyo bora kuliko zote. Je, bei haisaidii kuamua? Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya kupima hedifoni 283 za bei mbalimbali. Hakuona uhusiano kati ya bei na jinsi zinavyotoa sauti nzito na nyembamba. Fedha zaweza kununua starehe, uimara na jina; si lazima zinunue sauti. Vivyo hivyo, usibabaishwe na boksi linalojigamba kwa Hertz 40,000. Sikio la binadamu huishia karibu na 20,000, na kikomo hicho hushuka kadiri umri unavyosonga.

Bei ya chini kupita kiasi nayo ina mtego wake. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu mwaka 2008, lakini jina maarufu bado hubandikwa kwenye kitu hafifu. Mnunuzi adai risiti na hati ya dhamana. Muuzaji akisita kuvitoa, hilo ni jibu tosha.

Jambo lililo zito kuliko yote ni afya ya sikio. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtu aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari. Ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4. Ndani ya sikio mna vinywele vidogo vya kupokea sauti, na vikifa havioti tena. Shirika hilo hilo lakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni moja wamo hatarini kwa usikilizaji mbaya. Mtu huongeza sauti ili ashindane na kelele iliyomzunguka. Hivyo, katika jiji letu la malori na matatu, hedifoni inayofaa ni ile inayokuwezesha kumwelewa mhadhiri huku sauti ikiwa chini.

Nilimshauri mwanafunzi yule aende dukani na simu yake mwenyewe, pamoja na sauti ya mtu anayemfahamu vyema. Azivae kwa dakika 20, asogee mlangoni penye kelele, aweke sauti nusu, kisha asikilize kama kila neno lamfikia. Aulize pia ikiwa mito na waya hubadilishwa. Ziada ya fedha anunulie vitabu.

Walimu nao wasiishie kunyang'anya vifaa hivi darasani. Wafundishe namna ya kuvitumia, kama tunavyofundisha usafi wa meno. Sikio la kufa halisikii dawa. Letu bado lasikia, na huu ndio wakati wa kuliambia.