Mtoto asome tamthiliya ndipo aandike dhamira

KUTOKA MILIMANI
Na Zainabu Shemweta

"Shangazi, nipe dhamira tano za Kinjeketile, kesho tunakusanya madaftari." Mwanafunzi akiniomba hivyo, simpi. Namwuliza kama amekisoma kitabu. Mara nyingi hajakisoma. Ana desa alilorithi kwa kaka yake, lenye dhamira, wahusika na matumizi ya lugha, vyote vimeshapangwa. Wazazi na walimu wa Lushoto, Soni na Mlalo, nasema wazi: jibu la namna hiyo linampunja mtoto.

Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile mwaka 1969, akijenga juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwenye desa ataandika kwamba imani potofu huangamiza watu, kisha atanakili habari za vita kutoka somo la Historia. Aliyesoma hadi mwisho anamkuta Kinjeketile kifungoni, akitakiwa na Mjerumani aseme kwamba maji aliyowapa watu kama kinga ya risasi yalikuwa uongo. Mwenyewe ameshayatilia shaka, lakini anakataa kuyakana, kwa sababu anavifikiria vizazi vijavyo na kile vitakachoambiwa juu ya vita vile. Mtu anawezaje kushikilia neno ambalo yeye mwenyewe hana uhakika nalo moyoni? Swali hilo ndilo moyo wa tamthiliya, na desa halimfikishi mtoto hapo.

Najua nakala ni chache, darasa zima huenda likagawana vitabu vitatu. Lakini tamthiliya iliandikwa isemwe na kuchezwa. Kitabu kimoja kinatosha watoto wanne wakigawana wahusika na kusoma kwa sauti. Ndivyo watakavyomwelewa pia Ngoswe wa Edwin Semzaba, karani wa sensa aliyesahau kazi kwa ajili ya kumpenda binti aitwaye Mazoea.

Na sisi Wasambaa tuna hazina yetu. Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi, akisimulia jinsi Mbegha, mwindaji mgeni, alivyopokewa milimani hapa hadi akatawala Vuga. Mwalimu awape wanafunzi kazi ya nyumbani: wakawaulize babu na bibi wanavyoijua habari hiyo, waiigize darasani, kisha waandike mgeni huyo alikubalika kwa nini. Hapo watajifunza kwamba dhamira hutoka katika matendo ya watu, nao watakuwa wameonja namna sanaa ya maonyesho inavyozaliwa katika jamii.

Kwa hiyo mtoto akikuletea swali usiku, usimtajie jibu. Mwambie akusomee onyesho moja kwa sauti, kisha mwulize: nani alikuwa anataka nini, nani kamzuia, na nani kabadilika? Akishakujibu kwa maneno yake, dhamira ameipata. Kinachobaki ni kuiandika.