MLEZI ASIYELEA

Neno "mlezi" limeharibika. Kwa wazee wetu mlezi alikuwa ni yule aliyekesha na mtoto mwenye homa, aliyemwogesha na kumlisha, na aliyeulizwa na jirani, "Mwanao jana usiku alikuwa wapi?" Siku hizi mlezi ni jina kubwa lililopigwa chapa juu ya barua ya chama cha hisani. Mwimbaji ni mlezi, mcheza mpira ni mlezi, mke wa mkubwa ni mlezi. Na mtoto aliyetoroka kwao bado amelala chini ya meza ya muuza samaki sokoni.

Twajua watakuwapo wasomaji watakaoudhika. Watasema: mtu mwenye jina akitaka kuwasaidia watoto waliotoroka na wazazi wao, ninyi mwaona kosa gani? Ndugu zangu, hatuoni kosa katika kutoa. Mwenye kutoa na atoe, Mungu amzidishie. Tunachokipinga ni desturi ya kulifanya jina la mtu mmoja liwe badala ya wajibu wa serikali na halmashauri, na kumfanya mtoto aliyedhulumiwa awe pambo la huyo mwenye jina. Na kwa kuwa desturi hii tumeiokota Uingereza, pamoja na kukata utepe kwake na vitabu vyake vya wageni, yafaa tuitazame huko huko ilikozaliwa, tuone imewafaa nini watoto wa Kiingereza.

Mwezi wa Desemba mwaka 1969 kasisi mmoja wa London, Kenneth Leech, alifungua mahali pa kulala katika jengo la kanisa la St Anne, mtaa wa Soho, kwa ajili ya vijana waliokuwa wakizurura usiku bila makao. Huo ndio mwanzo wa chama kiitwacho Centrepoint. Mwaka 1985 chama kingine, The Children's Society, kikafungua nyumba London mahsusi kwa watoto waliotoroka. Sikilizeni ajabu hii: siku zile mtu aliyempa hifadhi mtoto mtoro aliweza kushtakiwa kwa kumficha. Ilibidi Bunge litunge Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 ndipo nyumba za namna hiyo zikapata kinga. Basi kitanda cha mtoto mtoro wa Uingereza kilihalalishwa na sheria. Hakikuhalalishwa na nyota wa sinema.

Lakini Bunge lile lile, mwaka mmoja kabla, lilikuwa limekwisha kutoa kwa mkono wa kushoto. Kuanzia Septemba 1988 vijana wengi wa miaka 16 na 17 waliondolewa haki ya kupata posho ya serikali ya wasio na kipato. Wakubwa walisema kijana wa umri huo na akae kwa wazazi wake au aende katika mafunzo ya kazi. Maneno mazuri, kana kwamba kila mtoto ana nyumba ya kurudi! Na yule aliyekimbia kipigo cha baba wa kambo? Na yule aliyefungiwa mlango na mama yake mwenyewe? Katika miaka ile watu wa London waliwaona kwa macho yao vijana wamejikunyata katika milango ya maduka.

Ndipo wakaja walezi. Mwaka 1992 Diana, mke wa Charles ambaye leo ndiye mfalme, alifanywa mlezi wa Centrepoint. Hatumsemi vibaya marehemu. Aliwatembelea vijana wale, akawapeleka na wanawe wadogo wakaone, na mwaka 1996, ndoa yake ilipovunjika na akaacha ulezi wa vyama vipatavyo mia, alibakiza sita tu, na Centrepoint ilikuwa mmojawapo. Hilo ni jambo la heshima. Lakini tusiupite upesi ule upande wa pili wa hesabu. Mlezi wa vyama mia! Hata kuku ana hesabu ya vifaranga anavyoweza kuvifunika kwa mbawa zake.

Mwanawe William alishika nafasi hiyo mwaka 2005. Desemba 2009 alilala nje usiku mmoja, karibu na daraja la Blackfriars, katika baridi ya nyuzi nne chini ya sifuri, ili ajue vijana wale hupata nini. Kulikucha akaenda zake. Ulimwengu mzima ukasoma habari hiyo, nasi hatusemi kwamba hakuwa na nia njema. Huenda alitetemeka kweli kweli. Twauliza tu: asubuhi ile, posho iliyoondolewa mwaka 1988 ilirudi? Haikurudi. Na kuanzia mwaka 2010 fedha za halmashauri za England kwa ajili ya huduma za vijana, yaani nyumba za michezo na wafanyakazi wanaomjua kijana kabla hajatoroka, zilipunguzwa kwa zaidi ya nusu. Walezi hawakupungua.

Wapo Waingereza wenyewe waliofanya hesabu ya jambo hili. Mwaka 2020 shirika la Giving Evidence lilichunguza vyama vya hisani vya Uingereza ambavyo walezi wao ni watu wa jamaa ya mfalme, navyo wakati huo vilipita elfu moja. Likakuta kwamba katika mwaka mmoja vyama 74 katika kila 100 havikufikiwa na mlezi wao hata kwa shughuli moja ya hadhara. Wala halikuona dalili kwamba jina la mlezi liliongeza mapato ya chama. Basi kama hata fedha haziongezeki, jina lile lafanya kazi gani pale juu ya barua?

Turudi kwa mtoto mwenyewe, kwa maana katika habari za walezi ndiye asahauliwaye kwanza. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 1999 ulikadiria ya kuwa Uingereza watoto wapatao 100,000 wa chini ya miaka 16 hutoroka kila mwaka na kulala nje ya kwao. Walipoulizwa sababu, wengi walitaja mambo ya nyumbani: ugomvi, kipigo, mzazi wa kambo, kutotakiwa. Wengine hawakutoroka kamwe, walifukuzwa. Ugonjwa umo ndani ya nyumba, basi na dawa yake ni mtu wa kuingia ndani ya nyumba: aketi na mama, arudi kesho aketi na baba, arudi mara ya tano wakati kila mtu amekwisha kumchoka. Kazi hiyo haina muziki. Hakuna mpiga picha atakayekwenda kumngoja baba wa kambo atoke kazini.

Mwenye jina anayetaka kweli kusaidia anayo njia, nasi twamjua mmoja aliyeipita. Juni 2020 Marcus Rashford, mcheza mpira wa Manchester United, ambaye utotoni alikula chakula cha bure shuleni kwa sababu mama yake hakuwa na uwezo, aliwaandikia wabunge wote barua ya wazi. Serikali ilikuwa imekataa kuwalisha watoto maskini wa England wakati wa likizo ndefu. Siku iliyofuata ikageuza uamuzi wake, ikatoa pauni milioni 120, na watoto wapatao milioni 1.3 wakawa na haki ya kula. Tazameni tofauti. Huyu alikwenda na jina lake moja kwa moja kwa wale wenye ufunguo wa hazina, akawaambia fungueni. Walezi wa kukata utepe husimama na wenye ufunguo katika picha moja, wakatabasamu.

Sasa tuje kwetu, maana jambo hili halikubaki ng'ambo. Mwaka 1995 mtu mmoja wa shirika la reli la Uingereza, David Maidment, alianzisha chama cha Railway Children baada ya kumwona katika stesheni ya Churchgate, Bombay, mtoto wa kike akijichapa mwenyewe kwa mjeledi ili wapita njia wampe senti. Chama hicho kimefanya kazi Uingereza na India, na Mwanza pia, kikiwatafuta watoto katika stendi na mitaani na kuwarudisha kwa jamaa zao. Hatuna ugomvi nacho. Aibu ni yetu. Mzee wa Kiingereza aweka pauni yake katika kopo ili mtoto wa Mwanza arudishwe kwao, na sisi tunayo Sheria ya Mtoto, namba 21 ya mwaka 2009, inayoipa kila halmashauri wajibu wa kulinda na kukuza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Wajibu, si hisani.

Nitaeleza niliyoyaona. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulipelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi ya mjini. Katika darasa la tano nililopewa kulikuwa na kijana mwepesi wa hesabu, mwenye umri wa miaka 12 hivi. Jumatatu moja hakuja. Wenzake wakanong'ona kwamba baba wa kambo amempiga kwa waya na sasa yuko stendi anabeba mizigo. Baadaye kituo kimoja cha watoto kikampokea, nami nikashukuru.

Wiki ya pili kituo kikamngoja mlezi wake, mwimbaji mwenye sifa. Likakodiwa hema, vikaja viti vyenye vitambaa, vikaja vipaza sauti. Watoto wakasimamishwa juani tangu saa tatu wakirudiarudia wimbo wa shukrani. Mlezi akafika saa saba. Kisha kijana wangu akaitwa mbele, amevalishwa shati jipya, akapewa kipaza sauti asimulie alivyopigwa. Akasimulia. Wageni wakafuta macho, mlezi akamkumbatia, picha zikapigwa, bahasha ikatolewa. Mtaa mzima ulisikia, kwa kuwa kipaza sauti hakina siri.

Usiku wa tatu kijana akaondoka pale kituoni.

Mimi na mwenzangu mmoja tukaenda kwao. Mama alikuwa akikaanga mihogo barazani. Akatuambia tangu siku ile mumewe amechekwa kijiweni, ameapa mtoto huyo hatakanyaga tena kizingiti chake. "Mwalimu," akasema, "mngekuja kabla." Nikamwuliza kama watu wa kituo walikwisha kufika hapo. Hapana, hata mmoja. Nilipomwuliza mtumishi wa kituo, alijibu bila kuficha kwamba ofisi haina fungu la nauli. Nauli ya daladala kwenda na kurudi haikufika shilingi elfu moja. Hema peke yake liligharimu nauli za mwaka mzima.

Simlaumu mtumishi yule. Naye alikuwa ni kijana kama mimi, na mshahara wake ulichelewa. Wala sidhani mwimbaji alijua ameharibu nini. Ndiyo maana nasema ubaya umo katika desturi yenyewe. Humfanya mtu mwema amvunjie mtoto mlango wa kwao mchana kweupe, huku watu wakipiga makofi.

Kwa hiyo wanachama, mkutano wa tawi ujao tusianze kwa kujadili nani awe mgeni wa heshima. Tumwite diwani. Tumwulize kata yetu ina maafisa ustawi wa jamii wangapi. Mwaka huu wameingia katika nyumba ngapi. Bajeti ya halmashauri imewatengea shilingi ngapi za nauli na mafuta, na ngapi kati ya hizo zimetoka kweli. Tumwulize mtoto akikutwa stendi saa nne ya usiku analala wapi usiku huo huo, na nani ana ufunguo wa hapo mahali. Akijibu ya kuwa mambo hayo yameachiwa wafadhili, katibu aliandike jibu lake neno kwa neno katika kumbukumbu za mkutano, nalo lisomwe siku atakapokuja kuomba kura.