Kagua mfumo wa viwianishi kwanza
Nina jambo kwa wanaotumia Python na ramani za Tanzania au Kenya. Ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, ilhali picha za setilaiti za Sentinel-2 huja kwa mfumo wa WGS 84. Ukichanganya mifumo hiyo, mpaka wa shamba husogea takriban mita 300. Kwa pikseli za mita 10, hizo ni pikseli 30. Kwenye GeoPandas, maktaba ya Python ya ramani, set_crs hubandika jina la mfumo tu. Ni to_crs inayobadilisha viwianishi vyenyewe. Soma kwanza mfumo wa picha, kisha geuza poligoni za mashamba ziufuate, uhakiki kwa kulinganisha na barabara au ukingo wa mto. Ardhi ni riziki ya watu. Mstari ukikosewa, majirani hugombana.