UKURASA WA MIKONO: Masini ya mama si chuma chakavu

Mwezi uliopita tuliandika juu ya jiko la udongo, na wengine mmetusimamisha njiani kutuambia kwamba bado linatoa moshi. Tumesikia, tutarudi huko. Mwezi huu tunataka tuongee habari ya vyerehani vya zamani, vile vyeusi vyenye maua ya rangi ya dhahabu, ambavyo sisi tuliotoka Kongo tunaviita masini.

Tuanze kwa kukiri kosa. Kuna papa mmoja anakaa karibu na shule yetu. Zamani kule Baraka alikuwa anatengeneza injini za boti. Hapa kambini ana vyerehani vinne ndani ya nyumba, na yeye mwenyewe hashoni hata kiraka. Kimoja cha kukanyaga kwa miguu, viwili vya kuzungusha kwa mkono, na kimoja cha Kichina chenye picha ya kipepeo. Anavifungua, anavisafisha, anavipaka mafuta, anavifunika na kitambaa, halafu basi. Haviuzi. Sisi walimu wa kujitolea tulikuwa tunapita pale tunacheka: mtu hana nafasi ya kulaza wajukuu, lakini vyuma vina kitanda chao!

Tulikuja kunyamaza kwa sababu ya mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wetu.

Huyu mama alivuka ziwa mwaka 1996 na vitu vitatu: mtoto mgongoni, sufuria, na masini ya mkono aliyoachiwa na mama yake. Ile masini ilimlisha miaka mingi, halafu siku moja ikakaza, gurudumu likagoma kabisa kuzunguka. Akaisukuma chini ya kitanda, ikakaa huko miaka. Mwaka jana binti yake alipotaka kujifunza kushona, wakaitoa, wakakuta kutu tupu. Akapita mnunuzi wa chuma chakavu, akaipima kwa mkono, akatoa bei ya shilingi 6,000. Mama akataka kukubali, maana daftari za watoto zilikuwa zimeisha.

Kabla hajakubali, akaja mtu mwingine mwenye maneno matamu. Huyu alisema ndani ya sindano za Singer za zamani kuna zebaki nyekundu ya mamilioni. Kipimo chake ni simu: ukiisogeza simu karibu na sindano na laini ikakatika, basi zebaki ipo. Akaisogeza, laini ikakatika (hapa kwetu laini inakatika hata ukiisogeza karibu na muhogo). Akamwambia mama aifiche vizuri, asimwonyeshe mtu, yeye atarudi na mnunuzi mkubwa, ila atoe kwanza pesa kidogo ya safari. Mama akatoa. Mtu hakurudi.

Uongo huu haukuzaliwa hapa. Mwaka 2009 ulivuma sana Saudi Arabia, na kwa maneno yaleyale ya simu na sindano. Watu walikimbilia kutafuta Singer za bibi zao, na magazeti yaliripoti bei zilizofika riyali 200,000, yaani zaidi ya dola 50,000 kwa cherehani kimoja. Wengine walivunja na kuiba ili wazipate. Hakuna aliyeonyesha zebaki yoyote. Hiyo zebaki nyekundu yenyewe inasimuliwa kuwa dawa ya kutengenezea mabomu, inafukuza majini, inaita dhahabu, na kila mara inayothibitika ni hasara ya aliyetoa pesa. Sindano ya cherehani ni chuma tupu, na inabadilishwa kila inapokuwa butu. Kama Singer ya mwaka 1925 ingekuwa na utajiri ndani ya sindano, mafundi wote wangekuwa wameutupa jalalani zamani.

Ubaya ni kwamba mama alishaamini. Papa alipoenda kumwambia, “Mama, niletee hiyo masini niifungue,” akakataa. Alidhani anataka kumwibia. Miezi minne ilikaa imefungwa ndani ya kanga, na binti anashona kwa mkono kwa kuibia mwanga. Mwishowe sisi walimu tuliombwa tukaongee naye. Papa akatoa sharti moja tu, tena likatushangaza: “Mama aje na masini yake, akae hapa kwenye kigoda mpaka mwisho. Kila skrubu nitakayotoa nitaiweka mkononi mwake.”

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi tatu mfululizo.

Kitu cha kwanza hakugusa bisibisi. Alichukua kitambaa akafuta bati la chini upande wa kulia, penye namba. Iliandikwa Y na tarakimu nyingi. Mwalimu mwenzetu mwenye simu nzuri akatafuta, tukajua hivi: Singer zenye namba inayoanza na F zilitengenezwa kati ya mwaka 1910 na 1920, na zenye Y kati ya 1921 na 1935, zote kwenye kiwanda cha Clydebank, nchi ya Scotland. Baada ya hapo zikafuata zinazoanza na E na herufi ya pili. Mama alisikiliza, akasema, “Kumbe imemzidi mama yangu umri.”

Hicho kiwanda si mchezo. Kilijengwa miaka ya 1880. Mwaka 1911 wafanyakazi wake kama 11,000 waligoma pamoja, chanzo kikiwa wasichana wachache waliokuwa wakipaka rangi na kung’arisha makabati ya vyerehani, ambao waliongezewa kazi bila kuongezewa mshahara. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980, lakini kituo cha treni cha pale mpaka leo kinaitwa Singer. Na kule Uingereza wapo watu kama papa wetu, tena wengi, wanaokusanya vyerehani kwa kupenda tu. Mmoja anaitwa Ray Rushton, mfanyabiashara wa vyerehani, alikusanya mamia mpaka akafungua makumbusho London. Shirika la Tools for Self Reliance, lililoanza mwaka 1979, liliwakusanya wazee wastaafu wakawa wanafufua vyerehani vilivyotupwa, na vingine vikaletwa mpaka Tanzania hii. Kwa hiyo papa hana wazimu, au kama anao, anao pamoja na Wazungu wengi.

Turudi kwenye kigoda. Gurudumu lilikuwa limekufa. Kijana mmoja aliyekuja kutazama akasema lipigwe nyundo. Papa akamwangalia tu. Kichwa cha cherehani cha zamani ni chuma cha kumimina, kizito lakini kinapasuka kama chungu, na kikipasuka hakuna wa kukiunga. Akachukua mafuta ya taa na unyoya wa kuku. Akadondosha tone moja kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinapogusana na chuma, juu, ubavuni, halafu akakilaza ubavu akafanya vilevile chini. Akasema, “Leo tumemaliza.” Tulikuwa tumekaa nusu saa tu! Katikati ya wiki mama alikuwa anarudia yeye mwenyewe nyumbani, tone tone, na kujaribu gurudumu taratibu mbele na nyuma, bila kulazimisha.

Jumamosi ya pili likasogea upana wa kidole. Mama alipiga kigelegele mpaka watoto wa darasa la tatu wakatoka nje.

Basi papa akafungua kile kibati kidogo chini ya mguu wa kukandamiza nguo. Chini yake, kati ya meno yanayosukuma kitambaa, kulikuwa na mavumbi ya nyuzi yaliyoshikana kama godoro. Na kila ekseli ilikuwa na utando wa rangi ya chungwa, mgumu kama gundi. Akaunusa, akamuuliza mama, “Ulikuwa unapaka mawese?” Mama akainamisha kichwa. Alikuwa anapaka mawese miaka yote, kwa sababu mafuta ya cherehani hayakupatikana na mawese yalikuwepo.

Hapo tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu papa anasema karibu kila cherehani anacholetewa kimeuawa hivi. Mawese, mafuta ya alizeti, samli, yote yanalainisha siku chache. Halafu yanakauka yanageuka gundi, gundi inashika vumbi, na cherehani kinafungwa. Mafuta ya taa nayo si ya kuendeshea, ni ya kusafishia tu. Ukishamaliza yafute, halafu weka mafuta mepesi ya cherehani, tone moja moja. Chupa ndogo inadumu muda mrefu mkichangiana nyumba tatu au nne.

Jambo jingine tulilojifunza ni yale maua. Yule kijana wa nyundo, safari hii akiwa na nia njema, alileta steli wulu na majivu. Papa alimshika mkono. Maua ya dhahabu ni picha nyembamba iliyobandikwa, na juu yake kumepakwa vanishi ya zamani. Ukisugua yanatoka. Ukifuta na spiriti vanishi inayeyuka, na weusi wake unafifia. Yeye anafuta kwa kitambaa laini chenye mafuta ya cherehani, polepole, hata siku mbili. Tukamuuliza: maua yana faida gani katika kushona? Akajibu, “Mwalimu, na wewe shati lako lina mfuko, mbona hauna kitu ndani?” Tulicheka, lakini tunadhani alikuwa anasema kweli. Mama alipoona ua la kwanza linatokea chini ya uchafu alinyamaza muda mrefu, akasema mama yake alikuwa analigusa lile ua kabla ya kuanza kushona.

Skrubu zote alikuwa nazo mama, kwenye kifuniko cha kopo, kwa mpangilio wa kutoka. Na sindano ya zamani ilipotolewa, papa aliivunja kwa koleo mbele ya macho yake. Ndani kulikuwa na chuma. Mama akaitazama, akasema kwa sauti ndogo tu, “Na pesa yangu ya safari.”

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya kurudisha. Aina hii haina bobini ya duara kama ya vyerehani vya Kichina. Ina bobini ndefu nyembamba, inayokaa ndani ya kidude chenye ncha kama risasi, na hicho kinakwenda mbele na nyuma chini ya sindano, kinadaka uzi. Chini ya kichuma chembamba kinachokaza uzi kulikuwa na kutu. Papa alipitisha uzi wenye mafuta mara nyingi mpaka ukatoka msafi. Sindano haikutusumbua, zile za kawaida za sokoni zinaingia. Ila upande bapa wa shingo ya sindano lazima uangalie upande kile kidude kinapopita. Ukigeuza, hata ushone mpaka usiku, uzi hautashika. Tumeona watu wametupa cherehani kizima kwa kosa hilo moja.

Binti ndiye aliyezungusha mkono. Mishono ya kwanza iliruka, papa akalegeza kidogo uzi wa juu, ya pili ikaruka kidogo, halafu ikaanza kukaa kwenye mstari. Alishona kipande cha gunia, halafu pindo la kanga ya mama yake. Sauti yake ni ndogo, tik-tik-tik, wala haikelelezi. Siku hizi anashona sare za wadogo zake, na jirani wawili wameleta kazi. Bado inaruka kwenye kitambaa kizito cha jinzi, na papa hajajua kwa nini.

Tulimuuliza papa kwa nini yeye haviuzi vile vinne. Alifikiri. Akasema boti alizotengeneza Baraka zimekwisha zote, nyingine zimezama, nyingine zimechomwa, na hajui hata moja iliko. “Hivi najua viko wapi.” Hatukuuliza zaidi.

Kwa hiyo, wazazi, aliye na masini chini ya kitanda asiuze kwa kilo kabla papa hajaiona. Anakaa nyuma ya darasa la nne, Jumamosi baada ya saa nane. Hachukui pesa, ila njoo na mafuta ya taa yako na ukae kwenye kigoda. Na kama kuna mtu ana zile bobini ndefu, hata moja, hata iliyopinda, atuletee shuleni. Mama ana moja tu, na sokoni hazipo.