Baiskeli ya Kukatwa Mshahara: Kodi Ipi Inayosamehewa?

Ndugu wasomaji, leo katika ukurasa wetu wa nyumbani napenda tuzungumze juu ya baiskeli, na hasa juu ya karatasi ambayo mtu huitia sahihi kabla hajaipanda.

Mwaka jana mdogo wangu, ambaye ni konstebo wa polisi katika wilaya ya Tororo, alinijia nyumbani Mbale pamoja na mke wake, akiwa na fomu mfukoni. Kituo chake kipo mbali na nyumba aliyopanga. Humchukua mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu asubuhi, na kiasi hicho hicho jioni. Na akitoka zamu ya usiku hufika nyumbani watoto wamekwisha kwenda shule. Mtu wa namna hiyo akitaka baiskeli, hapana mwenye haki ya kumwambia kwamba anatafuta anasa.

Mfanyabiashara mmoja alikuwa amepita kituoni akiwaahidi askari baiskeli bila ya malipo ya mwanzo. Bei ya fedha taslimu ilikuwa shilingi 450,000, lakini kwa njia ya kukatwa mshahara askari angelipa shilingi 45,000 kila mwezi kwa miezi 14. Aliwaambia wasiiogope hesabu hiyo, kwa maana ndivyo wafanyavyo wafanyakazi wa Uingereza, na kile kilichozidi kitafidiwa na kodi watakayosamehewa. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kujaza jina lake na nambari yake ya kazi. Ilibaki sahihi tu.

Shemeji yangu, ambaye huziweka karatasi zote za mshahara wa mumewe ndani ya kopo la biskuti, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia, akauliza kwa upole: "Shemeji, kodi ipi hiyo?"

Ili kumjibu, yatupasa kwanza tuujue huo mpango wa Uingereza, kwa sababu upo kweli na mfanyabiashara hakuuzua. Ulianzishwa kwa sheria ya fedha ya mwaka 1999, kwa nia ya kuwavuta watu waende kazini kwa baiskeli badala ya motokaa. Mwajiri huinunua baiskeli, au huikodi, kisha humkodisha mfanyakazi wake. Mfanyakazi naye hukubali kwa maandishi kwamba mshahara wake upunguzwe kwa kiasi cha kodi hiyo ya baiskeli. Jambo kubwa ni kwamba mshahara hupunguzwa kabla serikali haijatoza kodi ya mapato na mchango wa bima ya taifa. Kwa hiyo fedha iliyoachwa haitozwi chochote, na hapo ndipo nafuu inapopatikana.

Tuchukue mfano. Baiskeli ni ya pauni 600, na mkataba ni wa miezi 12. Kila mwezi mshahara hupungua pauni 50. Mfanyakazi wa kawaida wa England hutozwa kodi ya mapato asilimia 20, na tangu Aprili 2024 mchango wa bima umekuwa asilimia 8. Basi katika zile pauni 50 angalitozwa pauni 14. Kwa kuwa hatozwi, mfuko wake umepungua pauni 36 tu. Kwa mwaka mzima atakuwa ametoa pauni 432 na kuokoa pauni 168.

Lakini hesabu haijaisha, na hapa ndipo hata wenyeji wengine hushtuka. Katika miezi yote hiyo baiskeli si mali yake, ameikodi tu. Mkataba ukiisha, akitaka iwe yake, hana budi kuinunua kwa thamani iliyobaki, la sivyo hutozwa kodi kwa zawadi aliyopewa. Kwa baiskeli ya pauni 500 au zaidi, wakuu wa kodi wa nchi ile huihesabu thamani hiyo, baada ya mwaka mmoja, kuwa asilimia 25 ya bei ya kwanza. Asilimia 25 ya pauni 600 ni pauni 150. Ukizitoa katika pauni 168 alizookoa, faida yote ni pauni 18! Ndiyo maana wengi huongeza muda wa kukodi kwa miaka mitatu zaidi, mpaka thamani ishuke kufikia asilimia 7, yaani pauni 42. Mwenye subira ndiye anayefaidi.

Tena kuna masharti. Baiskeli itumike zaidi kwa safari za kwenda na kurudi kazini. Mfanyakazi akiacha kazi kabla ya wakati, deni lililobaki hukatwa katika mshahara wake wa mwisho uliokwisha kutozwa kodi, na nafuu hupotea. Ikiibiwa, kwa kawaida malipo huendelea. Na mshahara wa mtu hauruhusiwi kushushwa chini ya kima cha chini cha sheria, kwa hiyo mwenye mshahara mdogo kabisa, ambaye pengine ndiye mwenye haja zaidi ya baiskeli, hawezi kuingia. Kinyume chake, mwenye mshahara mkubwa anayetozwa asilimia 40, pamoja na asilimia 2 za bima, huokoa pauni 252 kwa baiskeli ile ile ya pauni 600. Kadiri mtu anavyotozwa kodi zaidi, ndivyo anavyonufaika zaidi.

Sasa fikirini, ndugu zangu: ikiwa anayetozwa zaidi ndiye anayenufaika zaidi, yule asiyetozwa kabisa atanufaika kwa nini?

Nilikwenda nikaleta karatasi yangu ya mshahara, nikaitandika mkekani kando ya karatasi moja ya mdogo wangu. Yangu, mtumishi wa ofisi ya raia, ina mstari wa kodi ya mapato, tena mstari wenye kuuma. Yake haina. Kwa sheria ya kodi ya mapato ya Uganda, mshahara wa kazi wa mwanajeshi, wa polisi na wa askari magereza umesamehewa kodi hiyo. Raia walioajiriwa katika idara hizo kwa kazi za kiraia ndio wasiohusika na msamaha huo. Mdogo wangu hakuwa na kodi ya kusamehewa mara ya pili. Shemeji alikuwa ameyaona hayo kwa muda mrefu katika kopo lake la biskuti.

Hata mimi ninayetozwa nisingefaidika. Mkato wa deni la duka hutolewa katika mshahara uliokwisha kutozwa kodi. Huo si mpango wa Waingereza. Ni mkopo wa kawaida uliovishwa nguo za kigeni.

Basi nikachukua daftari la mtoto, maana niliwahi kusomea ualimu na mkono haujasahau, tukapiga hesabu ya kweli. Shilingi 45,000 mara miezi 14 ni shilingi 630,000. Toa bei ya taslimu, zabaki shilingi 180,000. Hizo ni mikato ya miezi minne mizima, fedha ya askari inayolipia kungoja kwa muuzaji. Mdogo wangu alinyamaza. Baadaye akasema, "Kaka, mimi niliangalia elfu 45 tu. Sikuangalia miezi."

Maneno hayo yafaa yaandikwe ukutani katika kila nyumba ya askari.

Sisemi kwamba kukopa ni kosa. Mtu anaweza kuwa na haja isiyongoja, na gharama ya mkopo ikawa ndogo kuliko hasara ya kukaa bila chombo. Wenzetu wana vyama vya akiba na mikopo, kama Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, na ni vyema kuuliza riba huko kabla ya kumkimbilia muuzaji. Ninachosema ni kwamba anayekopa na ajue kwamba anakopa, wala asidanganywe kwamba anaokoa.

Shemeji alikuwa na shilingi 200,000 alizoweka kutokana na kuuza karanga. Alikuwa amezikusudia kwa jambo lake mwenyewe, wala hakulitaja. Alizitoa, kwa sharti kwamba mumewe aweke shilingi 45,000 kila mwezi, kama vile angalikatwa. Miezi sita ile mdogo wangu aliendelea kutembea, na mvua ya msimu ilimnyea. Mwezi wa sita walikuwa na shilingi 470,000. Wakanunua baiskeli kwa taslimu, na zile shilingi 20,000 zikatoa kufuli na pampu. Tangu hapo mikato mingine minane haikukatwa, na mwezi wa kwanza wa fedha hizo ulirudi mkononi mwa shemeji, kama haki ilivyotaka.

Kwa hiyo, ewe askari, na wewe mama wa nyumba ya kambini, mkiletewa fomu ya kitu chochote cha kukatwa mshahara, ulizeni maswali haya kabla ya sahihi. Bei ya taslimu ni ngapi, na jumla ya mikato yote ni ngapi? Mkato utakoma mwezi gani, na nani atakayeukomesha? Kitu hiki kitakuwa mali yangu lini? Kikiibiwa, au nikihamishwa kituo, itakuwaje? Na mtu akitaja kodi, mwambieni awaonyeshe mstari wa kodi katika karatasi yenu ya mshahara.

Tena fomu isitiwe sahihi kituoni. Ije nyumbani kwanza, isomwe na watu wawili. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini na tukumbuke kwamba haba na haba hukimwaga pia.

Mpaka juma lijalo, nawatakieni heri nyote, mlio zamuni na mlio nyumbani.