Matundu ya Nusu Inchi

Siku hizi neno roboti limezoeleka katika shule zetu za sekondari, na si ajabu kumsikia mwanafunzi wa Kidato cha Pili akizungumza juu ya programu na vihisio kwa wepesi ule ule ambao wazee wake walizungumza juu ya redio. Ni jambo la kufurahia. Hata hivyo, katika mazungumzo hayo umo upungufu ambao yafaa utajwe waziwazi: kila mtu hushughulikia ubongo wa roboti, na ni wachache wanaouliza habari za miguu yake. Makala haya yanahusu miguu. Yanahusu kiunzi cha chuma chenye magurudumu, ambacho mafundi wa magari hukiita chesisi. Na hoja yangu ni kwamba kiunzi hicho chaweza kutengenezwa na wanafunzi wenyewe hapa Kirumba, au Sengerema, au Musoma, ilimradi walimu wakubaliane juu ya jambo moja, nalo ni kipimo cha matundu.

Sanduku la vyuma vya kuungia lina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Frank Hornby, karani wa mji wa Liverpool nchini Uingereza, alipata hataza ya sanduku la namna hiyo mwaka 1901, na tangu mwaka 1907 likajulikana kwa jina la Meccano. Vipande vya kwanza alivikata kwa mkono nyumbani kwake ili watoto wake wachezee. Chuma kilikuwapo tangu zamani, na bolti na nati zilikuwapo pia. Jambo jipya lilikuwa kwamba kila ufito ulitobolewa matundu yaliyoachana kwa nusu inchi, yaani milimeta 12.7, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalofuata. Kwa sababu hiyo ufito wowote uliungana na mwingine wowote, na gari la leo liliweza kufunguliwa likawa winchi kesho. Kiwanda cha Liverpool kilifungwa mwaka 1979, lakini fito zake za zamani bado zinaungana na za baadaye, na baadhi ya masanduku ya roboti yanayouzwa leo katika nchi za nje yanafuata nusu inchi ile ile.

Wapo watakaosema kwamba hicho ni kichezeo cha watoto. Mwaka 1934, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Douglas Hartree na Arthur Porter walitumia vipande vya Meccano kuunda mashine ya kutatua milinganyo ambayo kuifanya kwa kalamu huchosha na kuchukua siku nyingi, na majibu yake yalitumika katika fizikia ya atomu. Hali kadhalika, mashindano ya roboti ya FIRST Global yalipofanyika kwa mara ya kwanza mjini Washington mwaka 2017, vijana wa nchi zaidi ya 150 walianza kila mmoja na sanduku la vipuri lililo sawa na la mwenzake. Kipande kinacholingana na cha mwenzio ndicho kinachowezesha watu wasiojuana kushindana na kusaidiana.

Basi tuje nyumbani. Mtu atakayesimama asubuhi karibu na soko la Mwaloni, Kirumba, ataona mikokoteni ikitoka na magunia ya dagaa kuelekea barabarani. Mpakiaji hodari hapangi magunia yote mbele, wala yote nyuma. Huyalundika juu ya ekseli, ili mikono ya mvutaji iongoze tu, isibebe. Hiyo ndiyo kanuni ya momenti ambayo mwanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani, na mvutaji anaijua kwa mgongo wake. Kiunzi cha roboti hutaka kanuni hiyo hiyo. Kiunzi rahisi kabisa kina magurudumu mawili yanayoendeshwa, kila moja na mota yake yenye gia. Mota zote mbili zikienda sawa, chombo hunyoosha njia. Moja ikisimama, chombo huligeukia gurudumu lililosimama. Zikizunguka kinyume, hujigeuza papo hapo. Betri, ambayo mara nyingi ndiyo mzigo mzito kuliko yote, haina budi kukaa karibu na ekseli. Ikiwekwa mbali, magurudumu yanayoendeshwa hukosa uzito wa kuyakandamiza sakafuni, msuguano hupungua, nayo huzunguka bure kama tairi la daladala katika tope la masika.

Mbali na magurudumu hayo mawili pawe na egemeo la tatu tu, wala pasiwe na la nne. Mama zetu wameinjika vyungu juu ya mafiga matatu tangu zamani kwa sababu vitu vitatu hugusa chini daima, hata ardhi ikiwa na mabonde. Chombo cha magurudumu manne yaliyokazwa, juu ya sakafu ya saruji ya darasa lililozeeka, huinua gurudumu moja hewani, na huenda gurudumu hilo likawa ndilo lenye mota. Egemeo la tatu laweza kuwa gurudumu dogo linalogeuka kila upande kama lile la kiti cha ofisini, au hata ile gololi ya plastiki inayotoka katika chupa ya manukato ya kwapani, ikiwekwa katika kikombe chake na kufungwa chini ya ufito.

Sasa kiunzi chenyewe. Mwanafunzi akiunga fito nne kwa bolti moja kila pembe, atapata mstatili unaoyumba kama kitanda cha kamba kilicholegea. Akaze bolti apendavyo, utayumba tu, kwa sababu pembe nne hazilindani. Akiongeza ufito wa mshazari, mstatili huwa pembetatu mbili, na pembetatu haiwezi kubadili umbo mpaka ufito upinde au ukatike. Lakini je, mshazari huo utakuta matundu? Hapa ndipo Pythagoras anapoingia karakana. Pande za nafasi 6 na 8 hutaka mshazari wa nafasi 10 kamili. Kwa kiunzi kikubwa zaidi, pande za nafasi 9 na 12 hutaka mshazari wa nafasi 15. Wengi hupotea hapa, maana huhesabu matundu badala ya nafasi zilizo kati yake. Ufito wa nafasi 6 una matundu 7, wa nafasi 8 una 9, na wa nafasi 10 una 11. Mwalimu wa hisabati ambaye amechoka kuulizwa kanuni hii yafaa nini, na alete fito tatu na bolti tatu darasani.

Magurudumu ndiyo yanayohitaji uangalifu kuliko yote, nami nitakaa hapo kidogo. Tuseme gurudumu la kushoto lina kipenyo cha milimeta 60, la kulia milimeta 61, na yameachana kwa milimeta 150. Hata mota zikizunguka sawasawa kabisa, gurudumu la kulia litakwenda mbali zaidi kwa sehemu moja ya sitini, na chombo kizima kitafuata duara lenye nusu kipenyo cha meta 9 hivi. Kikiwa kimekwenda meta 3 tu, kitakuwa kimepotoka kando kwa karibu nusu meta. Kosa la milimeta moja limezaa kosa la nusu meta! Mwanafunzi asiyejua haya atakesha akirekebisha programu, na mwalimu asiyejua haya atamwambia aendelee kukesha.

Dawa yake ni ya kifundi. Watoto wa mwambao wa ziwa, kama wenzao wa kila mahali nchini, hukata magurudumu ya magari yao ya waya kutoka katika ndala zilizochakaa, na mpira huo hushika sakafu vizuri. Kwa roboti, vipande viwili vya ndala visikatwe kila kimoja peke yake. Vifungwe pamoja kwa bolti moja inayopita katikati, kisha vipigwe tupa au msasa kwa pamoja hadi viwe mviringo mmoja. Vikiachanishwa, vipenyo vyake vitakuwa sawa hata kama hakuna anayejua ni milimeta ngapi hasa. Pia ekseli zote mbili zipite katika matundu ya fito zile zile, ili ziwe sambamba kwa nguvu ya matundu, si kwa kukadiria kwa jicho.

Na matundu hayo yatatoka wapi? Mafundi wa madirisha ya aluminiamu na wale wa milango ya chuma hubakiwa na mabaki mengi ambayo kwao hayana kazi kubwa. Aluminiamu ni nyepesi, kwani uzito wake ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma cha ujazo ule ule, na hutoboka kwa urahisi kwa keekee ya mkono. Bolti za milimeta 4 na nati zake hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Mota zitanunuliwa, hilo sina haja ya kulificha. Mota ya waipa ya gari bovu ina nguvu nyingi, lakini ni nzito na hula betri, nayo inafaa kiunzi kikubwa tu.

Ugumu upo katika kupima. Mwanafunzi anayepima kila tundu kutoka lile lililotangulia, akikosea sehemu mbili za kumi za milimeta kila mara upande ule ule, atakuwa amekosea milimeta 2 afikapo nafasi ya kumi, na bolti haitapita. Apime kila tundu kutoka mwisho mmoja wa ufito: 12.7, kisha 25.4, kisha 38.1, hadi 127. Iliyo bora zaidi ni kutumia kiolezo, yaani kipande kinene cha chuma kigumu kilichotobolewa kwa uangalifu mara moja tu. Ufito huwekwa chini yake, vyote viwili hubanwa katika jiliwa, na ncha ya keekee hupita katika matundu ya kiolezo. Anayetoboa hapo hahitaji tena rula. Kingo zipigwe tupa kabla ya kitu kingine chochote, maana aluminiamu iliyokatwa hivi punde hukata vidole.

Baadhi ya walimu wenzangu wanapendelea tuombe masanduku kutoka nje. Siyakatai. Lakini sanduku likishafika, mara nyingi hufungiwa kabatini, kwa sababu bolti ikipotea hakuna wa kuirudisha, na chombo cha kufundishia kisichoruhusiwa kupotea bolti hakifundishi kitu. Wengine wanasema mbao zatosha. Kwa jaribio la kwanza zatosha kweli, tena ni rahisi. Ila tundu la ubao hupanuka baada ya kufunguliwa na kufungwa mara kadhaa, na faida yote ya fito hizi ni kufunguliwa na kufungwa, mwaka baada ya mwaka, na madarasa yanayopokezana.

Wapo pia wanaoniuliza kwa nini nusu inchi, ilhali nchi yetu inatumia mfumo wa meta. Nimelifikiri. Nafasi ya milimeta 10 ingesomeka kwa urahisi katika rula, lakini nati na washa za bolti jirani zingekaribiana mno, na spana ingekosa pa kugeukia. Nusu inchi inatuwezesha kuunganisha fito zetu na masanduku yaliyokwisha kufika katika baadhi ya shule. Isitoshe, nendeni dukani Kirumba mkaombe bomba: mtaulizwa la nusu inchi au la robo tatu.

Jambo ninalolihofia ni kwamba kila shule itaanza peke yake. Tangu mwaka 2024 mkondo wa amali umeanza kufundishwa katika baadhi ya shule za sekondari, na karakana zitahitaji kazi za kufanya. Shule moja ikichagua milimeta 12, nyingine 15, na ya tatu ikatoboa kwa kukisia, baada ya miaka mitano tutakuwa na marundo ya vyuma yasiyosemezana, na kila mwalimu mpya ataanza upya. Nchi yetu ilianzisha Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo mwaka 1973 na Shirika la Viwango mwaka 1975. Wazo la kwamba kipande cha fundi mmoja kilingane na cha mwingine si geni kwetu, ila halijafika katika kabati la somo la fizikia.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Walimu wa sayansi na ufundi wa Ilemela na Nyamagana wakutane mara moja, wakubali nusu inchi na bolti ya milimeta 4. Kiolezo mama chenye matundu 16, ambacho hutosha nafasi 15, kitobolewe katika karakana yenye mashine ya kutobolea iliyosimama imara; shule ya ufundi ya Bwiru iko jirani, na mafundi wa viwanda vidogo wako mjini. Nakala zitobolewe kwa kupitisha keekee katika kiolezo mama, wala nakala isitolewe kutoka katika nakala, maana makosa hurithiwa. Kila shule itakayopokea nakala yake ipeleke ufito mmoja wa nafasi 15 ukalinganishwe. Bolti 16 zikipita pote kwa vidole, bila nyundo, ufito huo umekubalika. Zisipopita, urudishwe utobolewe mwingine.